Jinsi ya kupoza kihisi cha kamera ya nyota katika hewa ya Mwanza

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutatengeneza mfumo wa kupoza kihisi cha kamera ndogo ya kupigia picha za nyota, ile yenye ganda la alumini inayochomekwa kwenye darubini na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Vifaa karibu vyote mtavipata hapa hapa Mwanza kwa mafundi friji, mafundi kompyuta na wauza vyuma chakavu. Jambo moja nawaomba mlishike tangu sasa: kupoza kihisi ni kazi nyepesi, na kuyazuia maji yasiingie kwenye kamera iliyopoa ndiyo kazi yenyewe, hasa kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa.

Kwanza tueleze sababu ya kujisumbua. Kihisi hukusanya elektroni zinazotokana na mwanga wa nyota, lakini joto lake lenyewe pia huzalisha elektroni, nazo huonekana kwenye picha kama chenga na vitone vyeupe vilivyotapakaa. Kwa vihisi vingi, elektroni hizo za joto huongezeka maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi sita hivi za Selsiasi. Usiku wa Mwanza hewa ikiwa na nyuzi 20, kihisi kinachofanya kazi bila kupozwa kinaweza kufika nyuzi 30. Tukikishusha hadi nyuzi 12, tumepunguza nyuzi 18, yaani tumegawa kwa mbili mara tatu, na chenga za joto zinabaki sehemu moja ya nane ya zile za mwanzo. Kwa anayepiga picha za sekunde 120 au zaidi, tofauti hiyo inaonekana hata kwenye skrini ya kompyuta mpakato.

Kitakachopoza ni kibao cha Peltier, kilichopewa jina la Mfaransa aliyegundua mwaka 1834 kwamba umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Tafuteni kilichoandikwa TEC1-12706, chenye ukubwa wa milimita 40 kwa 40. Kama hamkukipata dukani, ulizeni kwa fundi anayetengeneza mashine za maji ya kunywa za ofisini, kwa maana zile ndogo zisizo na kompresa hupoza maji kwa kibao cha aina hii. Pamoja nacho tunahitaji hitisinki kubwa (chuma chenye mapezi ya kutawanya joto) ya kompyuta ya mezani na feni yake ya volti 12, kifaa cha kushusha volti chenye skrubu ya kurekebishia, kipimajoto cha kidijitali chenye waya mrefu, krimu nyeupe ya kupitisha joto, na ukanda wa shaba wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, ule unaotumika kuzuia radi kwenye majengo. Nunueni shaba hiyo kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa sababu shaba ya chakavu mara nyingine huwa imetoka kwenye nguzo ya mtu.

Sasa tuanze na shaba. Kamera nyingi za aina hii zina tundu la USB kwa nyuma, kwa hiyo baridi yetu itapitia ubavuni. Chomeni ukanda kwenye moto wa gesi au mkaa unaopulizwa hadi uwe mwekundu, kisha uzamisheni majini. Tofauti na chuma, shaba iliyochomwa hivyo hulainika badala ya kukakamaa. Ukunjeni polepole kuzunguka bomba lenye kipenyo sawa na cha kamera hadi upate pete inayokumbatia ganda lote, na ncha zake mbili zitokeze sambamba kwa ajili ya boliti ya kubania. Juu ya pete hiyo chomeleeni kibamba cha shaba cha milimita 40 kwa 40, kisha kisugueni kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha mpaka kiwe bapa kabisa. Msiharakishe hatua hii. Uwazi mdogo kati ya shaba na kibao hujaa hewa, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto.

Kabla ya kufunga, tambueni upande wa baridi. Wekeni kibao juu ya hitisinki, kipeni volti 3 kwa sekunde chache, kisha gusa upande wa juu kwa kidole; ukipata joto, geuza nyaya. Msithubutu kukipa volti 12 kikiwa mikononi bila hitisinki, maana kitajiunguza haraka kuliko mnavyotarajia.

Pakeni krimu nyembamba pande zote mbili, panga shaba, kibao na hitisinki, na mfunge kwa boliti mbili za chuma cha pua zenye washa (pete bapa) za nailoni. Washa hizo zina maana kubwa: bila hizo, boliti itarudisha joto la hitisinki kwenye shaba tunayoipoza. Kazeni kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, kwa sababu kibao hiki huvumilia kubanwa lakini hupasuka kikibanwa upande mmoja.

Kuhusu umeme, wengi hudhani kwamba volti nyingi zaidi huleta baridi zaidi. Kibao hiki kikipewa volti 12 hula zaidi ya wati 45, na zote hizo huishia kwenye hitisinki, ambayo ikizidiwa hurudisha joto na kihisi kinapanda badala ya kushuka. Hapa kwetu feni nayo ina kilema kidogo: uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo anzeni na volti 5, mpande hadi 7, na muishie pale kipimajoto kinapoacha kushuka. Kwa volti 7 mfumo mzima pamoja na feni unatumia wati 25 hivi. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 50, mkiitumia nusu tu ili isiharibike, itawatosha usiku mzima. Msitumie kifaa kinachowasha na kuzima kibao kila mara, kwa sababu kutanuka na kusinyaa huko huvunja maungio yake ya ndani.

Tufike sasa kwenye maji. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria joto la umande: toa asilimia ya unyevu hewani kutoka 100, gawa kwa 5, kisha punguza jibu hilo kutoka kwenye joto la hewa. Usiku wa nyuzi 20 wenye unyevu wa asilimia 85, umande huanza kwenye nyuzi 17. Maana yake ni kwamba shaba yetu, pete, ganda la kamera na kioo cha mbele vyote vitatoa jasho kabla hata hatujafika nusu ya safari yetu, na tone moja likiingia kwenye saketi tumepoteza kamera.

Funikeni kila kilicho baridi kwa sponji nyeusi ya mafundi viyoyozi, ile ya kufungia mabomba, tabaka mbili, na maungio ya tabaka la juu yasiangukie maungio ya tabaka la chini. Nje yake tengenezeni ganda kwa povu jeupe la maboksi ya kusafirishia samaki. Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba mtapata yaliyovunjika pembe, mradi myaoshe vizuri, la sivyo paka watakuwa wasaidizi wenu usiku kucha. Hitisinki pekee ndiyo ibaki nje. Pale nyaya zinapopita, zibeni kwa silikoni isiyo na harufu ya siki, kwa kuwa ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula shaba na saketi.

Hewa iliyomo ndani ya kamera nayo ina unyevu. Iwekeni kamera ikiwa wazi mbele ndani ya chombo kinachofunga kabisa, pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), kwa siku mbili, kisha mfunge kioo chake haraka. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Ikausheni kwenye oveni yenye nyuzi 120, katika chombo ambacho hakitapikiwa tena. Kwa kioo cha mbele, unganisheni rezista sita za om 15 na nusu wati kwa mfululizo, mzizungushe kwenye shingo ya kamera na kuziunganisha na volti 12. Zitatoa wati 1.6, joto dogo linalotosha kuzuia ukungu bila kuharibu kazi ya kibao.

Kwenye mdomo wa feni fungeni kipande cha neti ya mbu. Wadudu wadogo wa ziwani hutoka kwa mawingu makubwa karibu na mwezi mwandamo, na huo ndio wakati wetu wa kupiga picha; feni itawavuta hadi hitisinki izibe. Wavuvi wa dagaa nao hupenda giza hilo hilo, kwa hiyo mgeuzie darubini upande usio na taa zao.

Mkifika uwanjani, washeni feni kwanza, kisha kibao kwa volti 3, na mpandishe taratibu kwa dakika 15. Wakati wa kumaliza fanyeni kinyume chake, na msifungue ganda la povu mpaka kipimajoto kivuke joto la umande la usiku huo.

Jaribio la mwisho ni la kulinganisha. Funikeni mdomo wa darubini, pigeni picha 20 za giza za sekunde 120 mkiwa hamjawasha kibao, kisha 20 nyingine kihisi kikiwa na nyuzi 12. Zile za nyuzi 12 zihifadhini kwa kuandika joto lake kwenye jina la faili, maana ndizo programu itakazozitumia kuondoa vitone vilivyobaki, na zinafaa tu kwa picha zilizopigwa kwa joto lile lile na muda ule ule. Mkiona chenga hazikupungua, rudini kwenye krimu na ubapa wa kibamba kabla ya kulaumu kibao.