Haidrojeni safi: tuanzie kwenye mbolea

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, asanteni.

Mmesikia mengi kuhusu magari ya haidrojeni na meli zitakazoipeleka Ulaya. Mimi naomba tuanzie Kwekwe, Zimbabwe. Tangu miaka ya 1970 kampuni ya Sable Chemicals ilikuwa ikitenganisha maji kwa umeme, inachukua haidrojeni, inaiunganisha na naitrojeni ya hewani kupata amonia, kisha inatengeneza mbolea. Wamisri nao walifanya hivyo Aswan kwa umeme wa Mto Nile. Kazi hii, basi, si ngeni Afrika. Mtambo wa Kwekwe ulizimwa mwaka 2015. Nchi ilikuwa na uhaba wa umeme, bei ilikuwa juu, na amonia ya kuagiza nje ikawa nafuu kuliko ya nyumbani.

Tupige hesabu. Kilo moja ya haidrojeni inakula uniti (kilowati-saa) 50 hadi 55 za umeme. Uniti ikiwa senti 10 za dola, dola 5 zimekwenda kabla hujalipia mtambo wala fundi. Ikishuka hadi senti 3, ni dola 1.50 hivi. Na mwenzako anayetumia gesi asilia, pale gesi ilipo rahisi, anaipata kilo kwa dola 1 hadi 2. Ukiishika hesabu hii, habari nyingine zote za haidrojeni utazielewa.

Mwaka 2024 dunia ilitumia karibu tani milioni 100 za haidrojeni. Iliyo safi, yaani inayozalishwa bila kumwaga kaboni dioksidi nyingi, haikufika asilimia 1. Nyingine ilitoka kwenye gesi na makaa ya mawe, na kuizalisha kunamwaga hewani zaidi ya tani milioni 900 za kaboni dioksidi kila mwaka. Mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipitia miradi yote ya haidrojeni safi iliyotangazwa, likakuta matarajio ya uzalishaji wa mwaka 2030 yameshuka kutoka tani milioni 49 hadi 37. Miradi inayofanya kazi, inayojengwa au iliyokwisha kupitishiwa fedha itatoa milioni 4 na kidogo.

Wapo wanaosema basi, haidrojeni safi imekufa. Sikubaliani nao hata kidogo. Milioni 4 ni takriban mara tano ya ilivyokuwa 2024, na hiyo ni saruji na vyuma, si hotuba. Zaidi ya nusu ya mitambo ya kutenganisha maji iko China. Saudia, huko NEOM, eneo la mji mpya, wanajenga kiwanda cha tani 600 za haidrojeni kwa siku, kitakachoiuza ikiwa amonia. Marekani ilitoa nafuu ya kodi ya hadi dola 3 kwa kilo mwaka 2022, halafu sheria ya 2025 ikaifunga kwa mradi usioanza kujengwa kabla ya 2028. Mwekezaji gani atatulia hapo?

Magari madogo na majiko ya nyumbani tuyaache. Gesi hii huwa kimiminika kwa nyuzi 253 chini ya sifuri. Kuihifadhi na kuisafirisha ni gharama tupu. Viwanda vya mbolea, vya kusafisha mafuta na vya chuma ndiko wateja waliko.

Sasa Kenya. Mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani ile ya umeme usiochafua hewa, uliozinduliwa Septemba 2023 umeweka mbolea mbele, na hapo nauunga mkono kwa moyo wote, maana mbolea yetu ya naitrojeni tunaiagiza nje. Tani moja ya amonia inataka haidrojeni kilo 177 hivi, yaani uniti karibu 10,000. Umeme huo uko wapi? Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, usiku wa manane, watu wamelala na mvuke unaachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Jioni, kila nyumba inapowasha taa, hakuna wa kugawa. Mkataba wowote wa kiwanda cha mbolea uandike saa hizo waziwazi, na bei ya usiku ifungwe kwa miaka 15 au 20. Benki itauliza hilo kwanza, na wakulima wa Nakuru na Trans Nzoia wana haki ya kuliuliza kabla ya benki.