Ghala Halihami, Watu Ndio Wanaolifuata

Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya madiwani, wenyeviti wa vijiji na mitaa, watunza maghala wa vyama vya msingi na wavuvi

Bwana mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, mama zangu, na vijana mliotoka Mikindani, Nanyamba na Msimbati pamoja na wenzetu wa Lindi: shikamooni kwa wanaostahili, na asalaam aleykum kwa wote. Nimepewa muda wa kutosha na nitautumia kwa jambo moja tu, yaani vitu vinavyolipuka na umbali uliopo kati yake na nyumba tunazolala.

Naanza na Mbagala kwa sababu Mbagala ni kwetu. Basi la Kusini likikaribia Dar es Salaam linapita pale, na sidhani kama humu ukumbini kuna ukoo usio na mtu kule. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na nyumba za watu zikabomoka. Miaka miwili haikutimia, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto, na huko nako wakafa zaidi ya 20. Wengi wenu mnakumbuka mlivyokesha mkipiga simu zisizopokelewa, na namna watoto walivyopotezana na wazazi wao gizani, huyu kakimbilia huku, yule kule.

Swali ambalo kila mtu aliuliza siku zile ni hili: kwa nini mabomu yawekwe katikati ya watu? Ni swali la haki. Lakini mara nyingi jibu lake ni kwamba mabomu yalitangulia na watu wakafuata. Ghala hujengwa nje ya mji, mahali ambapo hakuna mtu. Baadaye mji unalifuata, na hakuna anayeuzuia.

Nimefanya kazi kwenye machimbo ya mawe nikiwa mtunza stoo ya baruti, kwa hiyo hili nimeliona linavyotokea. Stoo ya baruti iliyojengwa sawasawa ni nyumba ndogo ya ukuta mnene, imezungushiwa tuta la udongo lenye kimo cha paa ili mshindo ukitokea uelekee juu. Fataki za kulipulia haziwekwi humo. Zina kijumba chao peke yao, kwa kuwa fataki ndiyo inayoamsha baruti, na vikilala pamoja umeshamaliza nusu ya kazi ya maafa. Kuna kinga ya radi. Nyasi zimefyekwa mpaka udongo unaonekana. Simu unaiacha getini, kiberiti hali kadhalika. Kuna daftari, na kila kijiti cha baruti kinachotoka kinaandikwa kimetoka saa ngapi, kimechukuliwa na nani, na jioni vilivyobaki vinarudi na kuhesabiwa upya.

Hayo yote tulikuwa nayo, na hatukuwa na shida. Shida ilitoka nje ya uzio. Mwaka wa kwanza mbele yetu palikuwa na pori. Akaja mtu akalima mihogo, tukasema mihogo haina neno. Msimu uliofuata akachomeka miche ya mikorosho. Ninyi ni watu wa Kusini, mnajua maana ya mkorosho: ukishapanda mkorosho umeweka alama kwamba hapa ni pako, na atakayetaka kukutoa atalipa fidia. Kikafuata kibanda cha kulindia nguruwe pori. Kibanda kikapata bati, bati likapata mke na watoto, na jirani naye akaja. Barua za malalamiko ziliandikwa, lakini kiwanja kilikuwa na karatasi yenye mhuri. Mtu aliyejenga pale hakuwa mkorofi. Alionyeshwa ardhi na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuionyesha, akalipa, akajenga. Hakuna aliyemwambia nyuma ya tuta lile kuna nini, na mwenye machimbo hakuweka hata kibao kimoja upande ule.

Nataka tuelewane kuhusu umbali, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu wengi wanadhani kinga ya hatari ni ukuta, kufuli na askari. Hivyo vinazuia wizi. Mlipuko ukishatokea, kinachookoa watu ni nafasi tupu. Mwongozo wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa kuhusu maghala ya silaha una hesabu yake: kwa tani moja ya vilipuzi, nyumba ya kuishi inatakiwa iwe kiasi cha mita 220 kutoka ghalani, na hiyo ni kwa ajili ya wimbi la mlipuko tu. Vipande vya chuma vinakwenda mbali zaidi. Tena mita hizo hazimaanishi kwamba hutaguswa. Zinamaanisha kwamba nyumba yako itabaki imesimama, ingawa vioo na dari si hakika.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwenye ghala akibanwa kwamba nyumba zimemsogelea, atakwambia: basi nitapunguza mzigo, badala ya tani moja nitaweka nusu. Inasikika kama ameitikia. Lakini hesabu haiendi hivyo. Ukipunguza mzigo kwa nusu, umbali unaotakiwa unatoka mita 220 unafika takriban 175. Yaani ametoa nusu ya baruti, na hatari imerudi nyuma kwa moja ya tano tu. Mheshimiwa diwani, siku ukiletewa ahadi ya namna hiyo kwenye kikao, usiipokee kabla hujaomba wapime kwa futi kamba kutoka ukuta wa stoo mpaka mlango wa nyumba ya kwanza.

Mtaniuliza, mbona kitu kimekaa miaka yote bila kulipuka? Mwaka 1921 kule Oppau, Ujerumani, kiwanda kilikuwa na lundo la mbolea yenye ammoniamu nitreti ambayo ikikaa hugandamana kama jiwe. Wafanyakazi walikuwa wakiilegeza kwa vijiti vya baruti. Walikwisha kufanya hivyo mara elfu nyingi, inatajwa hata mara 20,000, na haikutokea lolote. Tarehe 21 Septemba wakafanya tena kama siku zote. Wakafa watu zaidi ya 500, na mji ukabomoka.

Na vitu hivi vinazeeka. Baruti ya kurushia risasi na makombora ina kemikali inayoituliza, na kemikali hiyo huisha kidogo kidogo, na joto huiharakisha. Ikiisha, mzigo unaweza kujipasha moto wenyewe mpaka ukawaka bila mkono wa mtu. Hali ya hewa yetu ya Pwani, joto mchana kutwa, unyevu, chumvi inayokula chuma, haiwi rafiki wa ghala lolote la aina hii. Wenzetu wa Msumbiji walilijua hilo kwa machungu. Ghala la Malhazine, Maputo, lililipuka tarehe 22 Machi 2007, siku ya joto kali, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mwezi Januari mwaka huohuo lilikuwa limeshalipuka kidogo. Onyo lilikwisha kutolewa na ghala lenyewe.

Mlipuko wa bandari ya Beirut, Lebanoni, tarehe 4 Agosti 2020, mliuona kwenye simu zenu. Tani 2,750 za ammoniamu nitreti. Jambo ambalo wengi hawakulisikia ni kwamba ule mzigo haukuwa wa Lebanoni. Ulipakiwa Georgia mwaka 2013 uje Beira, hapo Msumbiji, kwa matumizi ya vilipuzi vya kiraia. Meli ikakwama Beirut kwa ubovu na madeni, mzigo ukashushwa mwaka 2014 ukawekwa katika ghala namba 12, na humo ukakaa miaka sita. Maofisa wa forodha waliandika barua kwa mahakimu zaidi ya mara moja wakitaka uondolewe. Moto ulipoanza, zimamoto walitumwa bila kujua wanakwenda kuzima nini. Askari 10 wa kikosi hicho hawakurudi. Jumla ya waliokufa ilizidi 200, na ile bandari imepakana na mitaa ya watu. Mtwara nasi tuna bandari, na mji umeipakata. Sisemi kwamba kuna mzigo wa namna ile pale. Nasema diwani wa mji wa bandari ana haki ya kuuliza ni bidhaa gani hatari zimelala, zimelala tangu lini, na kikosi cha zimamoto kinayo orodha yake au hakina.

Nije kwenye salfa, maana naona watunza maghala wameanza kunitazama. Salfa ndiyo dawa yetu ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, bila hiyo korosho hakuna. Hatujazoea kuihesabu miongoni mwa vitu vinavyolipuka, na mfuko uliofungwa ukiwa umetulia kweli haulipuki. Hatari iko kwenye vumbi. Ghala limefungwa madirisha, vijana wanatupa mifuko kutoka kwenye lori, mmoja unapasuka, vumbi la njano linatimka mpaka darini, na mtu anawasha swichi mbovu au sigara. Vumbi lile likiwa hewani katika chumba kilichofungwa huwaka kwa mara moja, na huko ndiko kulipuka kwenyewe. Ikiwaka taratibu sakafuni, mwali wake ni wa buluu na mchana hauonekani vizuri, na moshi wake unakaba koo na mapafu. Watu wanaanguka kwa moshi kabla moto haujawafikia. Ukitaka kuuzima, nyunyiza maji kama mvua ya manyunyu. Ukielekeza mpira wa maji kwa nguvu unatimua vumbi na unauongezea moto chakula.

Jambo la pili kwenu, na hili nalisema kwa msisitizo: msiweke salfa chumba kimoja na mbolea za nitreti. Najua chama cha msingi kina ghala moja, na msimu ukifika kila kitu kinaingia humo humo, salfa, mbolea, magunia, hata pikipiki ya karani yenye petroli. Hata kama ni kujenga ukuta wa tofali katikati na mlango wake, jengeni.

Kwa wavuvi nitasema kama ndugu. Sote tunajua uvuvi wa mabomu umefanya nini kwenye miamba ya bahari kuanzia Kilwa hadi Msimbati, na sheria inaukataza. Leo nazungumzia kitu kingine, nazungumzia mahali bomu linapolala kabla halijakwenda baharini. Linalala uvunguni. Linalala kwenye ndoo ya unga jikoni, juu ya dari ya makuti, karibu na koroboi, na wajukuu wanacheza chini yake. Hilo nalo ni ghala la vilipuzi kwenye makazi ya watu, tena halina tuta, daftari wala kibao. Jirani anajua na ananyamaza, ama kwa undugu ama kwa woga. Na baruti ile haitoki mbinguni. Sehemu yake inavuja kutoka machimboni na kwenye migodi, kijiti kimoja kimoja, mahali ambapo daftari la jioni halihesabiwi. Ndiyo maana nimewaeleza habari za daftari. Sheria ya Baruti ipo tangu mwaka 1963, na stoo, usafirishaji na mtu wa kulipua vyote vinahitaji kibali. Machimbo yakiwa kijijini kwako, mwenyekiti, nenda ukaombe kuonyeshwa vibali hivyo.

Tena, mkisikia mshindo au mkiona moto kwenye ghala la aina yoyote, msisogee kutazama na msisimame dirishani. Halifax, Canada, mwaka 1917, mamia ya watu waliumizwa macho kwa vioo kwa sababu walikuwa wakiitazama meli yenye vilipuzi inavyoungua kabla haijalipuka. Kimbieni, lakini mjue mnakokimbilia. Kule Ikeja, Lagos, ghala la silaha lilipolipuka tarehe 27 Januari 2002, waliokufa walizidi 1,000, na wengi wao bomu halikuwagusa: walitumbukia mferejini gizani wakikanyagana. Kijiji chenye stoo jirani kikubaliane mapema njia ni ipi, watoto wa shule wanapelekwa upande gani na mwalimu gani anabaki na orodha.

Moto wa mashamba nao. Bata, Guinea ya Ikweta, tarehe 7 Machi 2021, kambi ya jeshi ililipuka na watu zaidi ya 100 wakafa, na serikali ilitaja moto wa wakulima waliokuwa wakichoma mashamba jirani pamoja na uzembe wa utunzaji. Kwetu, kuanzia Julai pori lote la Kusini linafuka moshi, huyu anasafisha shamba, yule anawinda. Kwa hiyo eneo la wazi linalozunguka stoo lifyekwe kabla ya Julai, na mwenye stoo ndiye alipie.

Baada ya mhadhara mama mmoja kutoka Lindi aliuliza: stoo ikishazungukwa na nyumba, nani ahame, watu au stoo?

Mama yangu, nimefikiria swali hilo miaka mingi. Stoo ihame. Kuhamisha makasha kwa magari yenye ulinzi ni kazi ya siku chache. Kuhamisha shule, msikiti, makaburi na mikorosho iliyokwisha kuzaa ni kesi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo baruti bado ipo palepale. Lakini ikihamia kijiji kipya, eneo linaloizunguka liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hicho kabla ya kasha la kwanza kufika, lipigwe mawe ya mipaka, lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kila mtu asikie. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mkutano huo una nguvu hizo. Mpango uandikwe kwamba hapo hapagawiwi kiwanja wala hapapandwi mkorosho, na mwenyekiti atakayekuja baada yako aukute umebandikwa ukutani ofisini.