Utando unaomeza mawimbi, na swali la mdogo wangu

Jambo yenu, bandugu ba Lubumbashi! Mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo, mnanisikia? Niko Manchester, mvua haikatiki, na leo namjibu mdogo wangu anayesomea umeme hapo nyumbani. Kaniuliza: yaya, kuna kitu kinachomeza mawimbi ya maikrowevu, halafu ukigeuza volti kikayaachia?

Kipo, kadogo. Tuanze na shaba yetu.

Wimbi likigonga bamba la shaba linarudi lilikotoka, kama sauti mbele ya ukuta mrefu. Sasa tandaza utando mwembamba mbele ya bamba, umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Kwa masafa ya gigahezi 10 wimbi lina urefu wa sentimita 3, basi robo ni milimita 7.5. Mbona hapo hasa? Kwenye shaba yenyewe uga wa umeme wa wimbi, yaani nguvu yake ya kusukuma chaji, ni sifuri. Robo ya wimbi mbele yake ndipo unapofika kilele. Utando ukiwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 377 kwa mraba (kipande cha mraba kikipimwa ukingo hadi ukingo), wimbi linaishia humo, linageuka joto. Mbinu hii ni ya Mmarekani Winfield Salisbury, hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitolewa 1952.

Lakini utando wa zamani ukishatengenezwa, ndio basi, omu zake hazibadiliki. Ndipo inapokuja grafini, kaboni yenye unene wa atomu moja, ambayo wanafizikia Geim na Novoselov waliibandua kwenye grafiti kwa utepe wa gundi, hapa hapa Manchester, 2004. Nikipita chuoni kwao huwa nasimama kidogo.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Uturuki, walionyesha kazi yake: tando mbili za grafini, katikati kimiminika chenye ioni, yaani chembe zenye chaji. Ukitia volti chache, chaji zinajaa kwenye grafini na ukinzani unashuka. Ukinzani ukiwa juu mno, wimbi linapenya, linagonga bamba, linarudi. Ukishushwa ipasavyo, linamezwa. Hakuna mota, hakuna kinachozunguka! Mimi hilo linanifurahisha kupita kiasi.

Grafini huna, najua. Ila kalamu ya risasi unayo, na ndani yake ni grafiti. Paka karatasi hadi iwe nyeusi, kata mraba, pima kwa multimita ukingo mmoja hadi wa pili, waya zikigusa ukingo mzima. Mraba mdogo au mkubwa, kama umepaka sawasawa omu ni zile zile. Ukifika 377, nitumie picha.