Dakika Mbili za Hali ya Hewa: Kinachovuja Kati ya Mtabiri na Mtazamaji

Mabibi na mabwana mnaosoma hali ya hewa kwenye televisheni, tuanze na sentensi mnayoijua: "Upepo wa kusi utavuma kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yatafikia mita 2." Inasomwa kwa sekunde saba hivi, kisha mtangazaji ameshahamia hali ya hewa ya Dodoma. Nahodha wa ngalawa pale Kilwa amepata nini? Kimo cha mawimbi kinachotolewa na mitambo ya utabiri wa bahari ni wastani wa theluthi ya juu ya mawimbi, si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Akikaa baharini saa kadhaa, wimbi mojamoja laweza kukaribia mita 4. Mtabiri analijua hilo. Kwenye skrini halifiki.

Mvua nayo ni vivyo hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Basi paa la mita 6 kwa 10 litamwaga lita 3,000, yaani matangi matatu ya lita elfu moja. Hesabu hiyo mtu anaielewa. Lakini milimita 50 zikimwagika kwa saa moja, bonde la Jangwani, Dar es Salaam, halipitiki. Zikisambaa mchana na usiku kucha, shamba linashiba tu. Kwa hiyo kiasi bila muda ni nusu ya habari.

Sasa nije kwenye kosa linaloniudhi kuliko yote, nalo ni la lugha. Mtabiri akiandika "maeneo machache", "baadhi ya maeneo" au "maeneo mengi", hapambi sentensi, anapima ukubwa wa eneo litakalonyeshewa. Shuleni tulifundishwa kutorudia neno, basi mtangazaji anabadilishabadilisha ili habari isichoshe, na kipimo kinakufa. Ngazi za maonyo zinaumia zaidi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukiyaita yote "tahadhari", mtu wa bondeni atajuaje leo ni siku ya kuhamisha godoro au ya kubeba mwavuli tu? Rudieni neno lilelile, hata mara tano. Hakuna atakayewacheka.

Ramani. Wingu moja lenye matone linabandikwa juu ya Mkoa wa Morogoro, na Gairo penye ukame panavikwa mvua ya Kilombero. Pakeni rangi eneo linalohusika, alama moja kwa mkoa mzima iachwe. Na kimbunga kikija, kama Hidaya ilivyofika Mafia Mei 2024, msioneshe mstari wa njia ya kitovu peke yake: upepo na mvua hufika mbali sana nje ya mstari huo, na aliye pembeni yake hujiona salama.

Muda nao ni mdogo. Dakika mbili kwa mwendo wa kusikika ni maneno kama 240. Mikoa ni 31. Ukisoma joto la juu na la chini kwa kila mmoja, umeshataja tarakimu 62 na hakuna aliyeshika hata moja. Tarakimu zikae kwenye skrini, mdomo useme kinachobadilika kesho.

Kuhusu pazia la kijani, lile la nyuma yako ambalo kompyuta huondoa rangi yake na kuweka ramani, sitakawia. Usivae kijani, utabaki kichwa kinachoelea. Ramani huioni ukigeuka nyuma, unaiona kwenye monita za pembeni. Fanya mazoezi ya mkono kabla ya kuingia hewani, la sivyo utasema Tanga kidole kikiwa Arusha.

Mwisho, muulizeni mtabiri matokeo yake ni ya saa ngapi. Kompyuta kubwa za dunia huanza kukokotoa kwa vipimo vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri, kwa saa zetu. Matokeo ya alasiri huchukua saa kadhaa kutoka, hivyo taarifa ya saa mbili usiku mara nyingi imeegemea vipimo vya saa tisa usiku uliopita. Pengo hilo huzibwa na picha ya setilaiti, inayopatikana kila robo saa. Itazameni ifikapo saa moja na nusu usiku, na kama wingu limeshatanda juu ya Ziwa Victoria wakati maandishi yenu yanasema kukavu, pigeni simu kwa mtabiri wa zamu kabla ya kwenda hewani.