Resista ya Mfululizo Kwenye Opampu: Ikae Upande Gani wa Mrejesho?

Karibu, ndugu mtazamaji. Angalia mchoro huu: baada ya opampu, yaani kikuza ishara, kuna resista ya omu 100, imekaa njiani peke yake. Wengi wakiiona huidhani haina kazi, wakaiondoa. Leo tutajenga bila hiyo kwanza.

Chomeka TL072, aisii (chipu) yenye opampu mbili ndani, kwenye bredibodi, ubao wa majaribio. Volti 12 chanya ziingie mguu wa 8, volti 12 hasi mguu wa 4, na kila mguu uwe na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ardhini, karibu kabisa na aisii. Unganisha mguu wa 1, ishara inakotokea, na wa 2 kwa waya mfupi: huo ndio waya wa mrejesho. Ishara iingie mguu wa 3: wimbi la mraba, mizunguko 1000 kwa sekunde.

Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti, kona za wimbi la mguu wa 1 ziko safi. Sasa funga kapasita ya nanofaradi 10 kutoka mguu wa 1 hadi ardhini. Hiyo inasimama badala ya kebo ndefu yenye ngao, maana kebo nayo ni kapasita.

Vuta picha ya osiloskopu hapa konani. Volti inapanda, inapitiliza, inarudi chini, inayumba mara kadhaa ndipo itulie. Opampu hujirekebisha kwa kile kinachorudi mguu wa 2. Kapasita inakichelewesha, kwa hiyo inarekebisha kosa ambalo limeshapita. Ucheleweshaji ukizidi, itapiga wimbi lake yenyewe hata bila ishara.

Sasa weka omu 100 kati ya mguu wa 1 na kapasita. Tafadhali kuwa makini hapa: waya wa mrejesho ubaki palepale mguu wa 1, kabla ya resista. Ukiutoa baada ya resista, umezidisha ugonjwa.

Ona, kona imetulia! Bei yake ni ndogo: ishara itaanza kufifia kwenye mizunguko kama 159,000 kwa sekunde, na sikio la mtu huishia karibu 20,000. Ila mzigo ukiwa wa omu 600, sehemu moja ya saba ya volti itapotelea kwenye resista.

Ukiweka resista nyingine njiani kati ya ishara na mguu wa 3, hiyo ina kazi tofauti, ulinzi. Kwa kilo-omu 1, volti 10 zinazozidi volti za umeme wa aisii hazisukumi zaidi ya miliampea 10. Usiipandishe ovyo: kwenye 741, opampu ya zamani, nanoampea 80 ambazo mguu wenyewe huvuta zikipita kilo-omu 100 zinaacha kosa la milivolti 8.