Saa Nane ya Nani?

(Mazungumzo na vijana wanaojifunza kuandika programu, Dodoma, Jumamosi alasiri)

Mbukwenyi! Naona wengine mmeitikia kwa kubahatisha. Si neno, Dodoma ya leo ni ya watu wa kila mkoa.

Nianze na pole. Tangazo la leo lilisema "saa 8:00", basi. Kuna kijana mmoja humu, sitamtaja, amefika saa mbili asubuhi akamkuta mlinzi anafagia. Simu yake ilisoma 8:00, naye akaiamini simu. Aliyeandika tangazo ni Mswahili, anajua saa nane ni baada ya chakula cha mchana. Mimi nimesikia habari hiyo nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kosa hilo hilo lilishaniunguzia pampu.

Wasionifahamu: mimi si mhandisi wa kompyuta. Mchana natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Saruji, mabati, misumari ya inchi nne. Usiku tukishakula, nakaa kwenye meza yangu koridoni na laptopu niliyoinunua ikiwa imeshatumika, nachezea programu mpaka mke wangu azime taa. Hiyo ndiyo digrii yangu. Laptopu yenyewe naifunika kanga, maana mnaujua upepo wa huku kuanzia Julai. Nilipoifungua feni yake mara ya kwanza nilikuta kitu kama ugoro. Huwa naisafisha kwa brashi ya rangi ya inchi moja kutoka stoo. Nimeilipia, bosi yuko hapa.

Sasa pampu. Nyumba ninayopanga ina tenki la chini, linalopokea maji ya bomba, na simtanki la lita 2,000 juu ya mnara. Pampu ndiyo inayopandisha. Mnajua hali ya maji hapa: sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, kaskazini ya mji, na mji umejaa watu tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Uamuzi wa kuhamia ni wa 1973, lakini mabomba hayakusubiri tayari miaka yote hiyo. Kwa hiyo mgao. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye halali, akaniambia, "Mwanangu, sisi mtaa huu maji yanakuja saa nane, watu wamelala. Asiyeamka hapati."

Nikasema mimi sitaamka, ataamka Pi. Nilikuwa na Raspberry Pi, kile kikompyuta kinachoenea kiganjani. Juu ya mfuniko wa simtanki nikafunga kihisi cha sauti, HC-SR04, kinachouzwa kwa bei ya sahani mbili za wali maharage. Kinapiga mlio tusioweza kuusikia, mlio unagonga maji na kurudi, na kompyuta inapima umekaa njiani muda gani. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Maji yakiwa nusu mita chini ya mfuniko, mlio unakwenda na kurudi kwa takriban milisekunde 3. Ukipata muda huo, unazidisha kwa kasi, unagawa kwa mbili, umejua kina bila kupanda ngazi. Niliipenda sana kazi hiyo. Nilikaa wiki nzima naangalia namba zinashuka watu wakioga.

Kisha nikafika kwenye mstari mmoja tu, wa kuiambia kompyuta ianze kupampu saa ngapi. Nikaandika 8.

Mnaona? Nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili na vidole vinaandika kwa lugha ya mashine. Saa nane usiku maji yalikuja, yakaingia tenki la chini, wapangaji waliokuwa macho wakachota mpaka likakauka. Saa mbili asubuhi, mimi nikiwa stoo nahesabu mifuko ya saruji, Pi akaamka kwa utiifu kabisa, akawasha pampu. Ikazunguka kavu. Kihisi kilikuwa tenki la juu tu. La chini nililiamini. Mke wangu alinipigia simu akasema nyumba inanuka plastiki iliyoungua. Fundi wa kusuka mota aliichukua siku nne, na mwenye nyumba hakuniuliza habari za milisekunde.

Baada ya hapo nikaandika kipande cha programu cha kugeuza saa, na hiki nawapa bure. Kutoka saa ya mashine kwenda ya kwetu ni rahisi: ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri, andika 12. Saa 14 ya mashine, ongeza 6 ni 20, baki 8: saa nane. Saa 18, ongeza 6 ni 24, baki sifuri: saa kumi na mbili, jua linazama.

Kurudi ndiko kwenye miiba. "Saa nane" peke yake haitoshi, mpaka useme mchana au usiku. Lakini hata "usiku" haitoshi! Saa tano usiku ya Jumanne, mashine inasema bado Jumanne. Saa nane usiku huo huo, mashine imeshavuka, inasema Jumatano. Kwa bibi yangu usiku ule ulikuwa mmoja, haukukatwa katikati kama mkate. Siku yake iliisha jua lilipozama. Ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano". Wengine huona maneno hayo ni marefu. Mimi naona ni maelezo kamili kuliko tarehe nyingi nilizoona kwenye kompyuta: yanakwambia usiku upi, na unaelekea wapi. Programu yangu sasa haikubali "Jumanne saa nane usiku". Inauliza: wa kuamkia lini?

Na tukiwa kwenye siku. Hebu hesabuni na mimi. Jumamosi, mosi. Jumapili, pili. Jumatatu, tatu. Jumanne, Jumatano, nne na tano. Halafu Alhamisi, ambayo ukimwuliza mwalimu wa madrasa atakwambia maana yake ni ya tano pia, maana Waarabu walianza kuhesabu Jumapili. Sisi tuna siku mbili za tano kwenye wiki moja na hakuna aliyewahi kukosa harusi kwa ajili hiyo. Sasa nendeni kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, mkaulize leo ni siku ya ngapi: Jumatatu kwake ni sifuri. Nendeni JavaScript, lugha nyingine: sifuri ni Jumapili. Mimi niliandika orodha ya majina ya siku kwenye Python, ikafanya kazi vizuri, nikainakili vile vile kwenye JavaScript ili wapangaji waone ratiba ya maji kwenye simu zao. Jumapili natoka kanisani, ratiba inasema leo ni Jumatatu, siku ya maji. Dada wa chumba cha pili alikuwa ameshaloweka mashuka. Hakunisemesha mpaka Jumatano, ile ya kweli.

Tatizo la tatu halikuwa la kwangu, au nilidhani si la kwangu. Umeme ulikatika usiku mmoja kwa saa tatu hivi. Uliporudi, kumbukumbu za Pi zikaonyesha kwamba zile saa tatu hazikuwahi kuwepo. Kumbe Pi niliyokuwa nayo haina saa ndani. Kompyuta ya mezani ina kibetri cha duara kama shilingi, CR2032, kinachoifanya ikumbuke muda hata ikizimwa. Kikifa, ndipo unakuta kompyuta ya kwenye fremu ya kuchapisha barua inasema ni mwaka 2009 na inakataa kufungua tovuti yoyote, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na kwa hesabu yake vyeti hivyo bado havijazaliwa. Nimeshabadilisha vibetri vya namna hiyo Majengo mara nyingi. Watu wanadhani ni virusi. Pi ile yenyewe huandika mara ya mwisho ilipokuwa macho, na ikiamka inaendelea kutoka hapo mpaka ipate intaneti iulize muda. Bando likiwa limeisha, haina wa kumwuliza. Ni kama mtu aliyesinzia msibani, akishtuka anaendelea na maneno aliyokuwa anasema. Nikanunua kisaa cha DS3231, kina betri yake, kinapotea kama dakika moja tu kwa mwaka. Saa yangu ya mkononi haifikii hapo.

Mpaka hapo nilikuwa nadhani ni mambo ya mimi na koridoni kwangu. Halafu mwaka 2024 akanipigia mama mkwe, yuko Kongwa. Nikamwamkia, hakuitikia vizuri. "Mkwe, nimenunua umeme wa elfu tano, nimeletewa namba utadhani idadi ya ng'ombe wa Kongwa wote." Badala ya tarakimu 20 za LUKU, alipata makundi matatu ya tarakimu 20. Akaona ya nini taabu, akaingiza kundi la mwisho, maana ndilo lenye umeme. Mita ikakataa. Giza linaingia. Nikamwambia, mama, tuanze la kwanza. Nikawa nasikia anavyobonyeza: nne, anapumua, nne, anapumua, mjukuu anamulika kwa tochi. Kundi la kwanza, la pili, la tatu. Mita ikalia, taa ikawaka, na mimi sikulala usiku ule.

Nilitaka kujua kwa nini. Tokeni hizo zinafuata kiwango kinachoitwa STS, kilichotoka Afrika Kusini na kinachotumika nchi nyingi. Mita ya namna hiyo haijaunganishwa na ofisi yoyote. Kila inachotakiwa kujua kimo ndani ya tarakimu zile 20, ambazo ni biti 66, yaani sifuri na moja 66, na karibu zote zimefungwa kwa siri. Biti 16 ni za kiasi cha umeme. Biti 24 ni za wakati tokeni ilipotengenezwa, na wakati huo unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita inaukumbuka, ndiyo maana huwezi kuingiza tokeni moja mara mbili. Janja ya watu wote imegonga ukuta hapo.

Sasa biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 tu. Nikachukua kalamu, gawa kwa 1,440, unapata siku 11,650 na ushee. Hesabu kutoka 1993, unatua tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo ndoo inajaa. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita ingeona tokeni mpya kama ya zamani mno. Makundi mawili ya kwanza aliyoingiza mama mkwe yalikuwa yanabadilisha ufunguo wa siri wa mita na kuisahaulisha tokeni za nyuma, ili ianze na mwanzo mwingine. Kiwango kina mwanzo mwingine wa 2014. Ukihesabu kutoka hapo, ndoo inajaa tena Novemba 2045. Nilimweleza mama mkwe. Akasema, "Kwa hiyo huyo aliyeitengeneza alijua itajaa?" Alijua. Kila anayechagua biti ngapi anajua. Anadhani tu kwamba siku hiyo atakuwa ameshastaafu.

Na ndoo zetu wenyewe, sisi wa kompyuta? Mifumo ya kuendesha kompyuta ya ukoo wa Unix inahesabu sekunde kutoka 1 Januari 1970, saa sita usiku kamili kwa saa ya dunia, UTC. Hapa ilikuwa saa tisa usiku. Zile zinazotumia biti 32 zinafika 2,147,483,647 na kugota, tarehe 19 Januari 2038. Itakuwa Jumanne. Kwa saa ya Dodoma ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, jua bado halijachomoza. Jua letu huchelewa kama dakika 14 nyuma ya Dar es Salaam, wao wako mashariki zaidi. Sekunde ya nane ya dakika hiyo, mashine isiyorekebishwa itaruka kurudi Desemba 1901. Mifumo mipya inatumia biti 64, haina shida. Lakini nani atakwenda kufungua boksi la pampu nyuma ya nyumba, lenye Pi ya zamani na programu ya mtu aliyekwisha kuhama?

Kwa hiyo nimeandika kikaratasi, nikakitia kwenye nailoni, nikakibandika ndani ya boksi: "Jumanne 19/1/2038, saa 12 na dakika 14 ASUBUHI. Usiiamini pampu hii." Neno asubuhi nimelipigia mstari mara mbili.

Haya, tuingie kwenye maswali. Ila yule kijana wa saa mbili apewe soda kwanza.