Gari la Moshi Linasimama Voi kwa Nini?

Wazee wetu, akina mama, walimu na vijana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze historia ya stesheni ya Voi, na nitaieleza kwa kufuata swali moja: gari la moshi linasimama hapa kwa nini? Jibu limebadilika mara kadhaa tangu reli ifike, na kila lilipobadilika, mji nao uligeuka.

Jibu la kwanza lilikuwa maji. Anayetoka Mombasa kwenda bara huiacha minazi nyuma, akaingia nyika ya Taru, nchi ya miiba na ukame. Misafara ya Pwani iliijua adha hiyo kabla ya reli. Ilipofika chini ya milima ya Taita ilitua, watu wakanywa maji na kununua chakula kwa Wataita. Waingereza walipoanza kujenga reli mwaka 1896, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, kiu ilikuwa ile ile, ila sasa injini nayo ilitaka kunywa. Maji ya wajenzi yalilazimika kupakiwa kwenye mabehewa na kuvutwa mpaka walikokuwa wakitandika reli.

Njia ilipita Voi kabla ya Machi 1898, mwezi ambao kazi ya daraja la Tsavo ilianza na simba wakaanza kuwala wajenzi. Kisa cha simba kila mtu anakijua, na mimi nadhani kimetuzuia kuona jambo kubwa zaidi. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hii, na karibu 2,500 walikufa kabla na baada ya reli kufika Kisumu, Desemba 1901. Waliouawa na simba ni sehemu ndogo sana ya hao. Maradhi na ajali ndizo zilizowamaliza, lakini hizo hazisimuliwi kwa watalii.

Jibu la pili lilikuwa chakula. Magari ya mwanzo hayakuwa na behewa la kulia, kwa hiyo abiria waliotoka Mombasa mchana waliteremka Voi jioni, wakala katika nyumba ya wageni ya reli, kisha wakapanda tena kuendelea na safari ya usiku. Meza ile haikuwa ya kila abiria. Ubaguzi wa rangi ulisafiri pamoja na reli tangu siku ya kwanza. Mabehewa ya kulia yalipoletwa, sababu hiyo nayo ikaisha.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa maana vita ndivyo vilivyoipa Voi umuhimu wake mkubwa. Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala ng'ambo ya mpaka, walivuka wakaiteka Taveta. Kutoka huko walituma vikosi vidogo kupenya nyikani na kulipua reli hii yetu, iliyoitwa reli ya Uganda. Waingereza walishindwa vibaya Tanga mwezi Novemba mwaka huo huo, kisha wakaamua kuingia kwa upande wa Kilimanjaro. Lakini jeshi haliwezi kuvuka nchi isiyo na maji bila njia ya kupitisha maji, risasi na chakula. Basi mwaka 1915 wakaanza kutandika reli mpya kutoka Voi kwenda magharibi, kupitia Bura na Maktau. Machi 1916 Taveta ilikombolewa, na reli ikasogezwa mbele mpaka ikaunganishwa na ile ya Wajerumani ya kutoka Tanga hadi Moshi, pale Kahe.

Iliwezekana kuziunganisha kwa sababu nyepesi: zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja. Kumbukeni upana huo, nitaurudia.

Kwa hiyo njia iliyojengwa kupeleka askari, na wapagazi ambao wengi wao hawakurudi makwao, ilibaki kuwa njia ya biashara. Voi ikawa makutano ya reli. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia kati ya Mnyusi na Ruvu, iliyounganisha reli ya Tanga na reli ya kati ya Tanganyika. Kuanzia hapo behewa lililopita Voi liliweza kufika mpaka Kigoma bila kushushwa mzigo.

Hayo yalivunjika mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisambaratika, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Miaka hiyo hiyo injini za mvuke zilikuwa zikiondolewa, zikiwemo zile kubwa za Garratt zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Injini ya dizeli haihitaji kunywa maji Voi. Sababu mbili za kusimama zilitoweka kwa pamoja.

Wengi husema kilichoiua stesheni ya zamani ni SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Sikubaliani nao. SGR imetujengea stesheni mpya, na abiria wa gari linalosimama vituo vya njiani hushuka hapo, akapanda bodaboda akaenda zake mjini au mbugani. Hilo ni jema. Ila upana wa reli hiyo ni milimita 1,435. Behewa lake haliwezi kukunja kona kuelekea Mwatate na Taveta juu ya reli ya mita moja. Voi imepata kituo kipya lakini haijarudishiwa makutano yake.

Ndiyo maana kila ninapoulizwa jengo la zamani lifanyiwe nini, liwe makumbusho au soko au ofisi, mimi huanza na Taveta. Kule kuna mkonge na ndizi, na ng'ambo ya mpaka iko Moshi, ambako reli ya mita moja bado ipo. Tukiamua kwanza kuhusu njia ile, ifufuliwe au iachwe kabisa, ndipo tutajua tunahifadhi stesheni ya kufanyia kazi au jengo la kutazama. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wazee waliofanya kazi reli.